Futa neno DHAMIRA kwenye ukurasa wa kwanza

Muswada mwingine wa filamu umekuja, na juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla hata jina la mhusika halijatajwa, umeandikwa kwa herufi kubwa: DHAMIRA: UAMINIFU HULIPA. Chini yake kuna kurasa 94 za mwanamke mwema anayeonewa, anavumilia, analia, halafu anapata. Muulize mwandishi kwa nini mama huyu hakuiba siku alipoachiwa ufunguo wa duka. Atakwambia: kwa sababu dhamira ni uaminifu. Hapana, ndugu yangu. Hakuna mtu aliyewahi kuacha kuiba kwa sababu ya dhamira iliyoandikwa juu ya ukurasa. Anaacha kwa sababu kuna mtu anamwogopa, au anamheshimu, au alishawahi kuiba na jambo lile bado linamuuma.

Ugonjwa huu najua ulikoanzia. Ni shuleni, kwenye fani na maudhui. Swali la mtihani linataka dhamira tatu kutoka riwaya mbili, mwanafunzi anazitaja, anatoa mifano, anapata alama. Kazi nzuri, siipingi. Lakini huo ni uchambuzi, na uchambuzi unaanza pale utunzi ulipoishia. Kisu cha kupasulia samaki kama mgebuka ni kizuri sana, ila hakuna anayeingia nacho ziwani kwenda kuvulia. Mwandishi anayeanza na orodha ya dhamira, ujumbe na msimamo anajibu mtihani ambao hakuna aliyemtungia, na wahusika wake wanageuka mifano ya kuthibitisha jibu.

Tuchukue mfano wa hapa hapa Kigoma. Mwanamke ananunua dagaa wabichi mwalo wa Kibirizi, anaanika, anajaza magunia, anamuuzia kijana anayepeleka mzigo Dar es Salaam. Anadaiwa na kikoba, kikundi chao cha kuweka na kukopa, na marejesho ni Ijumaa. Mwezi unakaribia kupevuka, na kila mtu wa ziwani anajua maana yake: mbalamwezi ikiwa kali, taa haziwavuti dagaa, wavuvi wanapumzika, siku kadhaa hakuna cha kununua wala cha kuanika. Kwa hiyo mzigo alionao ndio pekee hadi Ijumaa. Usiku mvua inanyesha. Asubuhi nusu ya dagaa wamelowa, wamebadilika rangi, wananuka. Hao bei yao sasa ni ya chakula cha kuku.

Nina deni, nina tarehe, nina mwezi na mvua. Hiyo bado si ploti, yaani msuko wa matukio, ni hali. Inakuwa ploti pale mtu anapofanya jambo ambalo hawezi kulirudisha nyuma.

Sasa mpe huyu mama mdhamini: mdogo wake, fundi nguo, aliyeweka cherehani yake dhamana. Ijumaa ikipita bila malipo, cherehani inabebwa. Njia iko wazi: dagaa wabovu chini ya gunia, wazuri juu. Na yule kijana wa Dar es Salaam kwake hafungui gunia, anapakia tu, kwa sababu miaka yote hajawahi kudanganywa.

Simama hapo uangalie kilichotokea. Kuna uaminifu kwa mnunuzi na uaminifu kwa mdogo wake, na akishika mmoja anaangusha mwingine. Ile sentensi ya "uaminifu hulipa" imekufa, maana inabidi kwanza uulize: uaminifu upi, na nani analipa? Swali hilo halikutoka kwenye ukurasa wa kwanza. Limetoka kwenye cherehani. Ukiiondoa, ukamwachia mama deni lake peke yake, unabaki na hadithi ya mtu mzuri dhidi ya kishawishi, na mtazamaji anajua mwisho wake dakika ya kumi.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea kuhusu mhusika. Wanaandika sifa: mpole, mcha Mungu, anapenda watu. Hizo ni sifa za kusoma msibani. Mhusika anaonekana kwenye uchaguzi unaomgharimu, na gharama iwe kitu kinachoshikika, kamera ikikiona imekiona: cherehani, gunia, daftari la kikoba. Mbadilishe mtu uone. Weka mwanamke asiyeogopa deni bali anaogopa aibu: huyu hatachanganya dagaa hata kidogo, ataenda kwa mwenyekiti wa kikoba Jumatano usiku, na filamu nzima itahama kutoka mwaloni kwenda kwenye ukumbi wa kikao. Mvua ni ile ile, deni ni lile lile, ploti ni nyingine. Kama unaweza kumtoa stelingi wako ukaweka jirani yake na matukio yakabaki kama yalivyo, huna mhusika, una jina.

Wanaobishana ploti na mhusika kipi kikubwa siwapi muda mrefu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alipotaja sehemu sita za tanzia, yaani mchezo wa huzuni, aliweka msuko wa matukio kwanza, wahusika pili, fikra tatu, na bado watu wanabishana zaidi ya miaka 2,300 baadaye. La kwake ninalolitumia kila siku ni jingine: sehemu ambayo ikiwepo au isipokuwepo hakuna tofauti, hiyo si sehemu ya kazi. Toa sini ya 12, yaani onyesho la 12. Sini ya 13 ikisimama bila kuyumba, ya 12 ilikuwa ya kujaza muda tu, gari linaingia getini. Tulizizoea sana zile za magari na mageti enzi za filamu kukatwa Part 1 na Part 2, na kila ukurasa wa muswada ni takriban dakika moja ya maisha ya mtazamaji.

Nenda banda umiza lolote mjini, kibanda cha kuonyeshea video, ukae mpaka mwisho. Filamu ni ya Kikorea au ya Kihindi, na juu yake kuna sauti ya DJ anayetafsiri. Anatafsiri? Nusu yake anatunga. Maneno ya busara ya mzee wa kijiji yanageuzwa utani, majina yanabadilishwa. Na bado watu wote bandani wanajua nani amemsaliti nani, na wananyamaza kwa pamoja mahali panapostahili. Ujumbe uliowekwa mdomoni mwa mhusika umekufa, kwa sababu mdomo umechukuliwa na mwingine. Uliowekwa kwenye tendo umefika. Fanya jaribio hilo na kazi yako: zima sauti, mwoneshe mtu dakika 10 za mwisho, muulize huyu mama amechagua nini na amepoteza nini. Asipojua, hotuba ya mzee haitakuokoa.

Lakini kuna linalonisumbua. Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, ulipangiwa ujumbe kabla haujaandikwa: uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa hoja yangu ulipaswa kushindwa. Haukushindwa, nchi ilimsikiliza Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani. Naweza kusema ni kwa sababu Mkwaju alikuwa mtu mwenye hamu zake na wala hakuwa bango la afya, na naamini hivyo. Ila siwezi kukana kwamba ujumbe ulitangulia. Kwa hiyo simwambii mtu kuanza na dhamira ni haramu, hasa anapolipwa na shirika lililokuja na ujumbe wake mkononi. Namwambia aigeuze iwe swali ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti, kisha awape wote wawili sababu nzuri. Vichekesho navyo vinanipa shida: vipo vinavyosimama kwa mhusika mmoja asiyebadilika hata chembe, na sina kanuni inayoeleza vizuri kwa nini havichoshi.

Kazini mimi nafanya hivi. Rasimu ya kwanza haina dhamira popote, hata kwenye daftari la pembeni. Uchaguzi mkubwa wa kwanza uwe umefika kabla ya ukurasa wa 25, vinginevyo ni hali tu inaendelea. Rasimu ikiisha, nasoma kurasa kumi za mwisho peke yake na kuandika sentensi moja: filamu hii imesema nini? Naiandika hata kama sikubaliani nayo. Mama akimwambia kijana "hilo gunia acha" na filamu ikaishia kwa mdogo wake anayeshona kwa mkono, imesema ukweli wa mtu mmoja unaweza kulipwa na mwingine ambaye hakuulizwa. Akinyamaza, cherehani ikabaki, na mwezi unaofuata kijana akafungua kila gunia la kila mwanamke mwaloni, imesema jambo zito tofauti kabisa. Hapo sijabadilisha chochote isipokuwa mwisho.

Kisha nachukua kalamu nyekundu na kutafuta kila mahali ambapo mtu anaitamka hiyo sentensi kwa mdomo: shehe, nesi, bibi, mwalimu. Nafuta zote. Nikiona lazima ibaki moja, nampa yule asiyejua anachosema. Katika mfano wetu ni kijana wa Dar es Salaam, asubuhi ya Alhamisi, akiwa na haraka ya lori: "Kwako sifungui gunia, mama. Uaminifu hulipa." Kisha anainama kushika pembe moja ya gunia, na kumsubiri mama ashike ya pili.