Leza ya fotoakustika haichomi mwili

Wengi wakisikia kwamba picha ya fotoakustika, yaani picha ya ndani ya mwili inayopatikana kwa mwanga na sauti, hutokana na joto la leza, hudhani mwili unachomwa. Sivyo. Kila mpigo wa mwanga hudumu nanosekunde chache tu, na damu inayoufyonza hupanda joto kwa takriban sehemu moja ya elfu ya digrii ya Selsiasi. Kidogo hivyo? Ndiyo, ila tishu haipati muda wa kutanuka, hivyo shinikizo huruka kwa paskali 800 hivi na kuzaa wimbi la sauti; wimbi hilo ndilo linalonaswa na kipokezi cha ultrasaundi. Kwa mwanga unaoonekana, ngozi isipigwe zaidi ya milijuli 20 kwa sentimita mraba kila mpigo. Picha ikififia, usikimbilie kuongeza nguvu: kagua kwanza jeli inayopakwa kati ya ngozi na kipokezi, maana kiputo cha hewa huizuia sauti isifike kwenye kipokezi.