Nyama ya mchanganyiko maana yake nini hasa, na kwanini kilo yake inaweza ikakutoka ghali kuliko steki

Ukiingia bucha yoyote hapa Dar, iwe Mbagala, Tandika, Manzese au kule Kimara, ukasema tu "naomba nyama nusu", jamaa wa bucha atakuuliza kitu kimoja: steki au mchanganyiko? Na wengi wetu tunajibu mchanganyiko bila kufikiri, kwasababu bei yake iko chini na ndo tuliozoea tangu tunatumwa na mama na hela imekunjwa mkononi. Lakini ukimuuliza mtu mchanganyiko ni nyama ya wapi kwenye ng'ombe, anakwama. Na ni haki yake akwame maana hakuna sehemu ya ng'ombe inaitwa mchanganyiko, hilo ni jina la bei.

Yaani iko hivi. Steki ni nyama tupu, mnofu usio na mfupa, mara nyingi umetoka pajani au mgongoni. Mchanganyiko ni chochote kilichobaki kwenye mzoga ukitoa hiyo steki na ukitoa vile vinavyouzwa peke yake kama maini, utumbo, ulimi, kongoro na kichwa. Kwahiyo ndani yake kuna mbavu, kuna shingo, kuna mkono (yaani mguu wa mbele pamoja na bega), kuna kidari, kuna ile sehemu ya chini ya mguu pale juu ya kongoro, kuna mafuta, kuna vipande vya uti wa mgongo, na vyote hivyo vina bei moja kwa kilo. Hapo kwenye bei moja ndo pa kupaangalia vizuri, maana shingo na ubavu na mkono ni vitu tofauti kabisa mdomoni na kwenye sufuria, ila mzani unavisoma sawa na hela unayotoa ni ile ile. Anayejua kuchagua na asiyejua wanalipa sawa alafu wanaondoka na vitu tofauti.

Mi hili nililijua siku moja niko na wageni, nikapita bucha jioni nikiwa na haraka, nikachukua kilo ya mchanganyiko nimesimama nje naongea na simu wala sikuangalia inavyokatwa. Nyumbani kuna mzani mdogo wa kupimia unga wa keki, nikachambua mifupa nikaiweka juu ya mzani, gramu 350. Nilikaa pale jikoni nikapiga hesabu na tangu siku hiyo sijawahi kuagiza nyama kwa mtindo ule tena.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bei zinabadilika kila sehemu na kila msimu, ila tuchukulie kwa mfano mchanganyiko ni shilingi 10,000 kwa kilo na steki ni 13,000. Kilo yako ikiwa na mfupa gramu 200, mnofu ni gramu 800, maana yake kila kilo ya mnofu umeinunua kwa 12,500, hapo bado umefaidika kidogo na mifupa ya supu umepata juu. Mfupa ukifika gramu 230 hivi umeshalingana na steki. Ukifika 350 kama mimi siku ile, mnofu umeununua kwa zaidi ya 15,000 kilo, ghali kuliko steki ambayo uliikimbia kwasababu ni ghali. Unachotakiwa kujua ni tofauti ya bei mbili za bucha lako, tofauti ikiwa ndogo mfupa mdogo tu unatosha kukuondolea faida, tofauti ikiwa kubwa una nafasi ya kuvumilia mifupa mingi zaidi.

Na anayeumia zaidi ni anayenunua kidogo, hili linaniuma kusema ukweli. Mtu ananunua robo, gramu 250, kipande kimoja cha mfupa cha gramu 100 kikiingia mle kimeshachukua karibu nusu ya nyama yake, wakati kwenye kilo kipande kile kile kisingeonekana. Kwahiyo kama bajeti yako ni ya robo, mi ningekushauri uchukue robo ya steki hata kama inazidi miasaba hivi, au mkubaliane na jirani mchukue kilo moja ya mchanganyiko mgawane nyumbani, mfupa kwa mfupa, mnofu kwa mnofu. Alafu ile tabia ya kusema "nipimie ya elfu tatu" uwe nayo makini, sio mbaya, ila uliza imekuja gramu ngapi, kwenye mfano wetu inatakiwa isome 300, usiridhike na kuona mfuko umetuna.

Sasa ndani ya hiyo bei moja uchague nini?

Mkono na bega ndo ninapoanzia mimi. Mnofu ni mwingi, mifupa yake ni mikubwa, unaiona kwa macho na unaweza kuomba usiwekewe yote, mnofu wenyewe ukiukata vipande vidogo unafaa rosti, pilau, hata nyama ya kusaga. Shingo ina mifupa ya kona kona ila nyama iliyoganda pale ni tamu sana na mchuzi wake unakua mzito wenyewe bila kuongeza nyanya nyingi, pilau ya shingo ukiipika vizuri watu wanauliza umeweka nini. Kidari kina mafuta na gegedu, wanaopenda wanakipenda kweli, wasiopenda watakiacha sahanini. Ile sehemu ya chini ya mguu ina mishipa mingi na mfupa wenye uboho, hiyo ni ya supu na mtori, usiichukue kama unataka kukaanga utachukia. Mbavu ndo za kuwa nazo macho. Ni tamu kwelikweli, ukichoma au ukifanya chukuchuku na ndimu hazina mpinzani, lakini kwa uzito ni mfupa mwingi mno, kwahiyo ukiona unawekewa mbavu tupu wakati we unataka mboga ya kulia ugali watu sita, sema mapema kabla panga halijashuka.

Nundu niiongelee kidogo. Ng'ombe wetu wengi hapa Tanzania ni zebu, hawa wa asili wenye nundu, wengi wanaoliwa Dar wanatoka kanda ya ziwa, Dodoma, Singida, Tabora, wanapita mnada wa Pugu ndo wanafika machinjioni kama Vingunguti. Ni ng'ombe waliotembea malishoni maisha yao yote, nyama yao ina ladha ila ina misuli iliyofanya kazi. Nundu yenyewe ina mafuta yaliyoingiliana na nyama, ni laini, na bucha nyingi wateja wa kudumu wanaiwahi asubuhi, ukiikuta bado ipo omba ichanganywe kwenye kilo yako.

Na huu ugumu wa nyama una sababu mbili ambazo ukizijua hutamlaumu ng'ombe bure. Kwanza misuli inayofanya kazi sana, shingo, miguu, kidari, ina nyuzi ngumu nyingi, na nyuzi hizo ukizipiga moto mkali wa haraka zinajikaza, ila ukizichemsha taratibu kwenye maji kwa muda mrefu zinayeyuka zinakua ule utelezi unaonata midomoni kwenye supu. Ndo maana nyama ile ile mtu mmoja anasema raba mwingine anasema siagi. Pili, nyama yetu wengi tunainunua asubuhi imechinjwa usiku huo huo, na mnyama akishakufa misuli yake inakaza kwa masaa mengi kabla haijaanza kulegea yenyewe. Ukiwa na friji, ilaze siku moja au mbili sehemu ya kawaida, sio kwenye barafu, utaona tofauti. Huna friji, paka papai bichi lililosagwa au tangawizi mbichi nusu saa kabla ya kupika, vyote viwili vina kitu kinachokata nyuzi za nyama, papai usiliache sana maana nyama inakua kama uji.

Kitu ambacho watu wanakisahau kwenye hesabu ya nyama ya bei ndogo ni moto. Kongoro na hii miguu ya chini inaweza kukaa jikoni masaa matatu na zaidi, mkaa bei yake unaijua na gesi ndo hivyo. Kama una presha kuka hapo umeokoka, kama huna basi fikiria kabla, pengine kilo ya bei ya chini pamoja na mkaa wake imeshaipita steki inayoiva chini ya saa moja. Mama yangu alikua anaweka kongoro jioni kwenye moto uliobaki wa maharage ili asiwashe jiko mara mbili, na supu ya asubuhi inakua tayari. Ilikua akili ya hela kabisa ile.

Tuje kwenye kuongea na mtu wa bucha maana hapo ndo kilo inaamuliwa. Usiende na ugomvi, hawa watu wana macho, mteja anayekuja kila wiki na anayejua anachotaka wanamheshimu. Mi nasalimia kwanza, kama ni mtu mzima namwamkia shikamoo, alafu naonyesha kwa kidole pale nyama inaponing'inia, "kaka nikatie mkono huu hapa, kilo moja, mfupa kidogo tu wa supu". Hiyo sentensi ina vitu vitatu: sehemu, uzito, kiasi cha mfupa, na ukishasema sehemu umemtoa kwenye kuchota kwenye yale mabaki yaliyokatwakatwa mezani. Akikujibu "dada ukitaka mnofu tupu hiyo ni steki" yuko sahihi, bucha haliwezi kuuza mnofu wote kwa bei ya mchanganyiko mifupa akabaki nayo, cha kuombana ni uwiano tu. Alafu angalia kile kipande cha mwisho cha kujazia mzani, mara nyingi kinakua mafuta au mfupa, sema kwa upole "hapo mwisho niwekee nyama". Na ile "niongezee basi" yetu tunayoipenda, nyongeza ya mafuta tupu ipokee kama unayeyusha mafuta ya kukaangia, vinginevyo unabeba mzigo.

Mzani usome sifuri kabla nyama haijawekwa, na uwe na stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu, wanakagua mizani kila mwaka na kubandika stika, ukikosa kuiona uliza. Kwenye mzoga tafuta muhuri wa wino wa mkaguzi wa nyama. Hapa siwezi kukubaliana na mtu yeyote anayesifia nyama ya bei ya kutupa inayopitishwa nyumba kwa nyumba kwenye ndoo, kimeta kinaua, na minyoo ya tegu inapatikana kwenye nyama ambayo haikukaguliwa na haikuiva vizuri. Hiyo usiihesabu kama nafuu hata kidogo.

Vijijini na minadani hakuna haya mambo ya mizani sana, nyama inauzwa kwa mafungu, unaangalia kwa macho fungu lipi lina mnofu zaidi unalichukua, na kwa kweli pale mnunuzi ana nguvu kuliko mjini maana kila kitu kiko wazi mbele yako. Mchanganyiko wa bucha ni lile lile fungu, isipokua umepangiwa na mtu mwingine.

Mbinu moja ambayo mi naitumia mwisho wa mwezi: nachukua nusu ya steki, kwenye mfano wetu 6,500, alafu naulizia mifupa ya supu peke yake, bucha nyingi wanaiuza kwa bei ya chini sana jioni. Mifupa naichemsha na tangawizi na kitunguu maji, supu yake ndo inakua maji ya kupikia mchuzi wa ile steki nusu, na mboga inatosha watu wale wale ambao nilikua nawanunulia kilo nzima. Utumbo nao usiudharau, Kenya wanaita matumbo, ukiupata umeshasafishwa vizuri na ukauchemsha na ndimu kwanza ukamwaga yale maji, unakula mboga ya nguvu kwa hela kidogo.

Na nyama ya kusaga usichukue ile iliyokwisha kusagwa iko kwenye beseni. Huoni mafuta yake wala huoni ya lini. Chagua kipande chako cha bega au shingo, kitolewe mfupa mbele yako, kipimwe, ndo kiingie mashineni wewe ukiwa umesimama pale pale, na mfupa wako uliotolewa uombe uwekewe kwenye mfuko maana umeulipia.