Jambo begi sio kiroba kikubwa

Jambo begi ni ule mfuko mkubwa wa kitambaa cha plastiki, wenye mikanda minne ya kunyanyulia kwa foklifti, na watu wana imani kibao potofu juu yake. Naanza na hii 5:1 kwasababu ndo inayoninyima usingizi. Ukisoma lebo iliyoshonwa ubavuni mwa jambo begi utakuta SWL (uzito salama wa kubeba) kilo 1000, alafu pembeni SF (akiba ya usalama) 5:1, na watu kibao wa godauni, hata wale wenye miaka kumi kazini, watakwambia hiyo maana yake mfuko unabeba tani tano, kwahiyo ukiweka tani moja na nusu bado umeuonea huruma. Hapana jamani. Tani moja ndo mwisho wake. Ile tano ni ya maabara: wanachukua mfuko mpya kabisa, wanauvuta na kuulegeza mara 30 kwa uzito mara mbili ya ule ulioandikwa, baada ya hapo wanauvuta mpaka ufike mara tano waone kama utakatika, na mfuko uliopimwa hivo haurudi sokoni. Akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya yale usiyoyaona, yani dereva wa foklifti akishika breki ghafla, mkanda mmoja ukibeba zaidi ya wenzake kwasababu mzigo umelalia upande, uzi uliokwaruzwa na chuma, jua la wiki tatu. Ukiila hiyo akiba siku ya kujaza, siku ya mshtuko hamna kitu kilichobaki.

Ni lumbesa ileile tunayoipigia kelele kwenye viazi na vitunguu. Lumbesa ya viazi inamnyonya mkulima, hii ya jambo begi inaning'inia juu ya kichwa cha mtoto wa mtu.

Kosa jingine linazaliwa hapohapo, kujaza kwa macho. Mtu anachungulia anasema bado haujafika juu, ongeza. Chukua mfuko wa sentimita 90 kwa 90, kimo 110. Ukijaza mahindi mpaka mdomoni unapata kama kilo 640 hivi, uko salama. Mfuko huohuo ukijaza mchanga mkavu mpaka mdomoni unafika tani 1.4, na lebo bado inasema kilo 1000. Mfuko haujui umejaa, unachojua ni uzito! Kwahiyo ni mizani, sio macho, na kama mzigo ni mzito mfuko utabaki na nafasi tupu juu na hiyo ni sawa kabisa, wala usione umeibiwa.

Kuna wanaosema mfuko wa 5:1 unanyanyuliwa mara moja tu. Hii nayo sio. Ni kujaza mara moja, safari moja. Unaweza kuushusha kwenye lori, ukauingiza ghalani, ukautoa tena, ila ukishamwagwa mzigo wake kazi ya kunyanyua imeisha. Unaotaka kurudiarudia uwe umeandikwa 6:1, na huo pia unakaguliwa kila unaporudi, mshono kwa mshono na mikanda yote minne.

Sasa jua. Watu wanaona plastiki wanadhani haiozi. Kitambaa cha jambo begi ni polipropilini, nyuzi bapa zilizofumwa kama za kiroba cha unga, na polipropilini na jua hawapatani. Kiwandani wanachanganya dawa ya kuzuia, na kipimo chake ni kwamba kitambaa na mikanda vikikaa masaa 200 chini ya taa ya mionzi inayofanana na ya jua vibaki na angalau nusu ya nguvu yake. Nusu! Sio nguvu yote, na sio milele. Yadi moja niliyofanya kazi iliacha mifuko ya chumvi nje, tena bila turubai, tangu mvua za vuli mpaka zinakuja za masika, na kwa mbali ilionekana mipya tu, myeupe, imekaa vizuri. Ulipoinuliwa wa kwanza mikanda miwili ikachomoka pamoja mfuko ukaenda chini wote, na kijana aliyekuwa anamwelekeza dereva alikuwa amesogea sekunde hiyohiyo kwenda kunywa maji. Tulipoisugua ile mikanda kwa kucha ikatoa unga. Hicho kipimo cha kucha hakigharimu hata shilingi, nakuomba ukifanye kila mara kabla hujaruhusu mtu aingize uma wa foklifti.

Eti ukiuosha unaweza kuwekea mahindi. Hili linaniuma zaidi kwasababu linafika mezani. Mifuko iliyobeba mbolea au kemikali inauzwa mitaani, inaoshwa kwa sabuni, inaanikwa, inapigwa nafaka. Kitambaa kile kimefumwa, vumbi linakaa katikati ya nyuzi na ndani ya mishono, sabuni haifiki. Mfuko wa chakula unatengenezwa kwa malighafi mpya, sehemu safi, kwa kazi hiyo. Ule wa mbolea bebea kifusi.

Na hapo kwenye mahindi, mfuko kufungwa mdomo haumaanishi dumuzi hawapumui. Kitambaa kinapitisha hewa na unyevu. Kinachowamaliza dumuzi ni nailoni nzito ya ndani isiyopitisha hewa, wanakula oksijeni iliyomo inaisha, wanakufa. Lakini nailoni hiyohiyo ukifungia mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 umeyapikia sumukuvu mwenyewe, kwahiyo kausha kwanza.

Kuhusu moto watu wananicheka, wanasema mfuko mkavu na unga mkavu umeme utoke wapi. Unatoka kwenye kusuguana. Unga ukishuka kwa kasi kupitia mdomo wa chini unajenga umeme tuli, na vumbi la salfa, ile inayopanda kutoka bandari ya Dar kwenda migodi ya shaba Kongo, linawaka kwa cheche ndogo sana. Ndo maana mifuko imegawanywa A, B, C na D. A haina kinga yoyote. B inazuia zile cheche kubwa tu, usiipeleke penye mvuke wa petroli au thina. C imefumwa na nyuzi zinazopitisha umeme na LAZIMA iungwe waya wa erthi kabla hujajaza au kumwaga, na hapa ndo watu wanapokosea, wanadhani ukinunua C umemaliza wakati C isiyo na erthi ni hatari kuliko mfuko wa kawaida, maana umeme wote unajikusanya kwenye zile nyuzi unaruka kwa mpigo mmoja. D inapunguza umeme yenyewe bila waya.

Alafu mfuko mzuri haufanyi mzigo mbaya uwe salama. Ile amonia naitreti, kemikali ya mbolea na baruti, iliyolipuka bandarini Beirut, Lebanoni, tani 2,750 zilizotoka Georgia zikitakiwa kufika Beira hapo Msumbiji, ilikuwa ndani ya mifuko ya aina hii, ikakaa ghalani karibu miaka sita, mingine imepasuka, mpaka ilipolipuka Agosti 4, 2020.

Kunyanyua kwa mikanda miwili, kupita chini ya mzigo, kupanga ghorofa tatu wima bila kuegemeza ukutani wala kupunguza juu kama piramidi, haya makosa tunayajua wote, tunayafanya tukiwa na haraka.

Mfuko ukistaafu, kata mikanda yote minne kwanza, ndipo uuze au ugawe. Mwenye kuunyanyua tena kesho hatajua ulikaa juani miezi mingapi.