Maana ya misheni ya siri katika mchezo wa sauti wa kusafiri katika wakati

Mchezo wa sauti ni tamthilia ya kusikilizwa tu. Hauna jukwaa wala picha. Una sauti za waigizaji, milio, muziki na ukimya. Mtunzi akiingiza mashine ya kuwapeleka watu karne zilizopita au zijazo, tunaingia kwenye hadithi za kubuni za kisayansi. Humo kuna kisa kinachopendwa sana: kikundi kidogo kinatumwa enzi nyingine kufanya kazi ambayo wenyeji wa enzi hiyo hawapaswi kuijua. Hiyo ndiyo misheni ya siri.

Siri hii ina uzito wake wa pekee. Jasusi wa kawaida hujificha asikamatwe. Msafiri wa wakati hujificha hata pasipo na wa kumkamata, maana kujulikana kwenyewe kunaharibu kazi. Mwenyeji akidokezwa la kesho, leo yake inabadilika, na ile kesho aliyotoka msafiri huenda isifike.

Mfano maarufu ni kitendawili cha babu. Mtu anarudi nyuma na kumuua babu yake kabla hajapata mtoto. Basi mzazi wake hazaliwi, na yeye hazaliwi. Kama hakuzaliwa, nani alimuua babu? Na kama babu hakuuawa, mjukuu atazaliwa, atarudi nyuma, atamuua. Hoja inajila yenyewe.

Watunzi hukitegua kwa njia mbalimbali. Mwanafizikia Igor Novikov, katika miaka ya 1980, alitetea wazo kwamba lolote atakalofanya msafiri lilikuwa tayari sehemu ya historia: bunduki itakwama, au atakayepigwa risasi siye babu. Wengine hufuata tafsiri ambayo mwanafizikia Hugh Everett aliitoa mwaka 1957 kuhusu fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo mno, wakisema ulimwengu hugawanyika matawi. Kwangu mimi njia hii hupoza mchezo, kwani kosa la tawi moja halimdhuru mtu wa tawi jingine. Misheni ya siri inanoga pale historia inapoweza kuvunjika kweli, na mwenye kuivunja akawa ni yuleyule aliyetumwa kuilinda.

Sayansi yenyewe haikukaa mbali. Nadharia ya uhusianifu ya Einstein ya mwaka 1905 inasema saa iliyo kwenye mwendo huenda polepole, yaani anayekwenda kasi huifikia kesho kwa muda mfupi zaidi wa saa yake. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating waliizunguka dunia kwa ndege za abiria wakiwa na saa za atomiki, ambazo ni sahihi mno. Tofauti waliyoipata kati ya saa hizo na zilizobaki ardhini ilikuwa ya sehemu za bilioni za sekunde, lakini ilikuwepo. Kurudi nyuma ndiko kugumu. Mwanafizikia Stephen Hawking aliandaa karamu ya wasafiri wa wakati tarehe 28 Juni 2009, akatoa mialiko baada ya karamu kwisha, ili aje tu mwenye uwezo wa kurudi nyuma. Hakuja mtu. Mtunzi wa misheni ya siri anaweza kuanzia hapohapo: mgeni wa namna hiyo asingekubali kuonekana karamuni.

Kwa nini basi kisa hiki kikae vizuri masikioni? Mwaka 1924 BBC, shirika la utangazaji la Uingereza, ilirusha redioni mchezo wa mwandishi Richard Hughes uliowekwa ndani ya mgodi wa makaa ya mawe ambamo taa zimezimika. Wahusika hawaoni, msikilizaji haoni. Wote wanategemea sikio. Msafiri anayetua enzi ngeni yumo kwenye giza kama hilo. Anajuaje amefika? Anasikia kwato za farasi pale palipokuwa na ngurumo za magari, au lafudhi ambayo hakuna tena anayeizungumza.

Siri nayo ina sauti yake. Mwigizaji akinong'ona karibu kabisa na maikrofoni, msikilizaji anakuwa mshirika. Anajua wasilolijua wengine waliomo chumbani. Jina la bandia linafanya kazi kwa namna ya kipekee pia. Kwenye filamu sura ya mtu inamfichua papo hapo. Kwenye mchezo wa sauti mzee asiyejulikana anaweza kukaa vipindi vitatu akitoa ushauri, akizungumza kwa sauti iliyochoka, hadi siku moja anapokatisha sentensi kwa kikohozi kifupi ambacho tumekuwa tukikisikia tangu mwanzo kutoka kwa kijana anayeongoza kikosi.