Wanawake waliochora mimea hawakuwa wakipoteza muda

Ujumbe ule umerudi kwenye makundi ya WhatsApp: eti wanawake waliochora mimea karne ya 19 walikuwa wakijiburudisha tu, sayansi ikafanywa na wanaume. Si kweli, na tafadhali tuache kuusambaza.

Mwaka 1876, huko Borneo, kisiwa cha Asia ya Kusini-Mashariki, Marianne North, mwanamke kutoka Uingereza, alichora mmea unaonasa wadudu kwa majani yenye umbo la mtungi, ya kijani yenye mabaka mekundu. Picha ilipofika London, wataalamu wakaona mmea wasioujua kabisa. Hakikisha mwenyewe: tafuta jina la kisayansi la mmea huo, Nepenthes northiana. Limetokana na jina la ukoo la mchoraji huyo.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu vyama vingi vikubwa vya wanasayansi viliwafungia wanawake milango, hivyo orodha za wanachama zimejaa wanaume.