Ukuta Unaovuja: Asubuhi Moja Kwenye Ngome ya Takeda

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwishoni mwa Oktoba, nilikuwa juu kabisa ya ngome ya Takeda, huko Japani, na sikuona kitu. Ukungu ulikuwa umetanda hata ngazi tuliyopandia ikawa imemezwa. Mwenzangu, binti wa Kitanzania anayesoma Osaka ambaye nilimbembeleza wiki nzima anisindikize, alikuwa ameingiza viganja kwapani akitetemeka.

"Kaka, sasa huku tumefuata nini? Picha zote nzuri zinapigwa kule ng'ambo."

Alisema kweli. Zile picha za ngome inayoelea juu ya bahari ya mawingu hazipigwi ngomeni. Hupigwa Ritsuunkyo, kwenye mteremko wa mlima unaotazamana na huu, bonde likiwa katikati. Bondeni unapita mto Maruyama. Usiku wa vuli anga likiwa wazi, ardhi hupoteza joto upesi, hewa ikapoa juu ya maji ambayo bado yana uvuguvugu, na kufikia alfajiri bonde zima limejaa ukungu. Siku ukungu ukituama chini, ngome hutokeza juu yake. Ndiyo maana Wajapani huiita ngome ya angani. Siku ukipanda zaidi, aliye ngomeni huwa kama tulivyokuwa sisi: kalowa na haoni.

Mimi sikujali. Nilichokifuata kilikuwa mbele ya pua yangu: mawe, na maji yakichuruzika katikati yake.

Niseme mapema kazi yangu ili usinishangae. Mimi ni mhandisi, na kwa miaka mingi riziki yangu imetoka kwenye kuta za kuzuia udongo, zile za barabara za milimani, Lushoto na kwingineko. Si kazi ya kujisifia kijiweni. Ukuta ukisimama hakuna anayeuona. Ukianguka, kila mtu ana namba yako ya simu. Ukuta wa kwanza niliousaini mwenyewe ulianguka masika ya pili. Hesabu za udongo zilikuwa sawa, zege lilikuwa sawa, nondo zilikuwemo zote. Vitundu vya kutolea maji ndivyo vilivyoziba kwa tope. Udongo mkavu una kiasi chake cha kujishikilia wenyewe. Maji hayajishikilii hata kidogo, yakijaa nyuma ya ukuta yanausukuma kwa uzito wake wote, usiku na mchana.

Mtu aliyepitia hayo akisikia kwamba kuna kuta zisizo na chembe ya chokaa wala saruji, kileleni mwa mlima, katika nchi ya mvua, tufani na matetemeko, na zimesimama zaidi ya miaka 400, atatafuta nauli.

Ngome iko Asago, katika mkoa wa Hyogo, juu ya kilele chenye kimo cha mita 353.7. Masimulizi ya pale yanasema ilianza miaka ya 1440 chini ya Yamana Sozen, ikashikwa na ukoo wa Otagaki. Wakati huo ngome za milimani zilikuwa kazi ya udongo na mbao: unachimba handaki, unainua tuta, unasimika uzio. Mwaka 1577 majeshi ya Hashiba Hideyoshi, aliyekuja kuitawala Japani nzima, yaliingia eneo hili yakiongozwa na mdogo wake Hidenaga. Mwaka 1585 ngome ikakabidhiwa Akamatsu Hirohide, na kuta zinazoonekana leo huhesabiwa kuwa za wakati wake.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikifikiria gharama. Hirohide alikuwa bwana mdogo. Utajiri wa mabwana wa enzi ile ulipimwa kwa koku, kipimo cha mchele cha kama lita 180, na eneo lake lilihesabiwa koku 22,000 tu. Kwa mapato hayo mtu hajengi kuta zinazoenea kama mita 400 kutoka kaskazini hadi kusini na kama mita 100 kutoka mashariki hadi magharibi, tena mahali ambapo hata mtungi wa maji ya kunywa ya mafundi lazima upandishwe mgongoni. Wako wanaosema mkono wa Hideyoshi mwenyewe ulikuwemo, na mimi niko upande wao. Machimbo ya madini ya fedha ya Ikuno hayako mbali na hapo, na Takeda inaitazama kutoka juu njia ya kwenda huko.

Hirohide hakuifaidi. Alikuwa mtu wa vitabu, rafiki wa mwanachuoni Fujiwara Seika, na alimsaidia pia Kang Hang, msomi wa Kikorea aliyeletwa Japani mateka mwaka 1597. Vita vya Sekigahara, vya kugombea utawala wa Japani, vilipokuja mwaka 1600, alianza upande ulioshindwa, akahamia kwa washindi, akaenda kuishambulia ngome ya Tottori. Mji ukaungua, lawama zikamwangukia yeye, akaamriwa ajiue. Takeda ikaachwa. Leo hakuna jengo hata moja juu, wala nguzo, wala kigae kilicho mahali pake. Kwenye ngome nyingine za Japani macho huvutwa na mnara mweupe na mapaa yake. Hapa ni mifupa mitupu, na kwa mtu wa kazi yangu hakuna zawadi inayozidi hiyo.

Sasa tuingie kwenye mawe.

Uashi wa Takeda huitwa nozura-zumi, yaani kupanga mawe kama yalivyookotwa, bila kuyachonga uso. Kazi hii husemwa ni ya mafundi wa Ano, kijiji kilicho chini ya mlima Hiei karibu na ziwa Biwa, ambao jina lao lilivuma tangu ngome ya Azuchi iliyoanza kujengwa mwaka 1576. Baadaye mtindo ukabadilika: kwanza mawe yakagongwa kingo ili yakaribiane, kisha yakachongwa sawasawa hata wembe usipite. Watalii hupenda hayo ya mwisho. Mimi ukinipa nichague ukuta wa kulala chini yake usiku wa mvua, nitachagua huu wa hovyo hovyo.

Sababu ni kwamba uhovyo wake ni wa usoni tu. Mwashi hakulaza jiwe kwa upande wake mpana ili lionekane kubwa; alilisukuma liingie ndani kwa urefu wake, likaacha nje kichwa tu, kama jino na ufizi. Unachokiona ni sehemu ndogo. Mawe mawili hayakutanishwi kwenye ukingo wa nje, yanakutana ndani kidogo, maana yakibanana ukingoni hupasuka yakishabebeshwa uzito. Mawe madogo utakayoyaona yamepachikwa kwenye mianya ya usoni, usiyadharau, lakini usidhani pia ndiyo yanayobeba. Mengi yakidondoka ukuta haushtuki.

Nyuma ya mawe makubwa kuna kitu ambacho hakuna picha inayokionyesha. Ni mawe ya ukubwa wa ngumi au kichwa cha mtoto, yamejazwa kwa unene mkubwa kati ya uso wa ukuta na udongo wa mlima. Wajapani huyaita guri-ishi. Mvua ikinyesha juu, maji yanaingia humo, yanashuka bila kizuizi, yanatoka nje kupitia popote palipo na upenyo. Ukuta mzima ni kitundu cha kutolea maji. Wale wanaofanya kazi na gabioni, vile vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, wataielewa akili hii mara moja. Tofauti ni kwamba hapa hakuna waya wa kuoza.

Asubuhi ile niliweka kiganja kwenye upenyo mmoja chini ya jukwaa la mnara mkuu. Ndani kulikuwa na baridi na unyevu, na tone likanidondokea. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Mlima ulikuwa bado unajikamua taratibu, na ukuta haukuwa na habari.

"Unacheka nini?" mwenzangu akauliza.

"Unavuja."

"Si ubaya huo?"

Nikamweleza kuhusu ule wangu wa masika. Alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama kuna chai mahali.

Kwetu mawe makavu yapo. Kuta za kale za Thimlich Ohinga kule Migori, Kenya, zimepangwa bila udongo wala chokaa na zina fundi wake. Lakini zile zinajisimamia zenyewe uwanjani. Hizi zimeegemewa na mlima. Ni mtihani mwingine kabisa.

Kona ndipo fundi anapojulikana. Ukuta wenye uso mpana una majirani wa kuushika kulia na kushoto, ila kona iko peke yake, ikisukumwa kutoka pande mbili. Dawa yake ni mawe marefu yanayopishana: jiwe hili urefu wake unaelekea kaskazini, la juu yake linaelekea mashariki, la tatu linarudi kaskazini. Huitwa sangi-zumi, kutokana na sangi, vijiti walivyotumia zamani kufanyia hesabu. Takeda kona bado hazijanyooka kama za ngome zilizokuja baadaye, unaona fundi akitafuta jiwe refu na kuridhika na alilolipata. Kwa bahati nzuri mlima ulikuwa na mawe mengi.

Anayetaka ushahidi wa kona aende Kumamoto. Matetemeko ya Aprili 2016 yaliharibu kuta nyingi za ngome ya pale, na kwenye mnara mmoja mdogo uitwao Iidamaru ukuta uliporomoka pande zote mbili za kona, ikabaki nguzo moja ya mawe ya sangi-zumi imeubeba ukingo wa jengo, hadi mafundi walipokuja kuufunga kwa vyuma. Nimeitazama ile picha mara nyingi kuliko picha za harusi yangu. Simaanishi kuta hizi haziangukagi. Kumamoto zilianguka, na ukarabati wote umepangiwa kufika mwaka 2052, kila jiwe likirudishwa pale lilipotoka.

Takeda tishio ni miguu. Baada ya picha za ukungu kuenea, wageni walifurika, na mwaka wa 2014 walizidi laki tano, kwenye kilele ambacho miaka michache nyuma kilipata makumi ya maelfu tu. Nyasi zikafa. Udongo uliokanyagwa ukashindiliwa, mvua ikawa haiingii tena bali inakimbilia ukingoni, ikichukua tope laini na kulipeleka kwenye yale mawe ya nyuma. Msomaji wangu ameshajua mwisho wake: mianya inaziba, maji yanakwama, ukuta unatoa tumbo. Waashi wetu husema hivyo hivyo, ukuta umetoa tumbo. Wajapani huita hali hiyo harami, na kwao neno hilo ni la mimba (lisikuchanganye na haramu, ingawa kwa mhandisi hayako mbali). Ikabidi njia zitandikwe mikeka ya kulinda ardhi, sehemu nyingine zikafungwa kwa muda, na tangu 2013 wakaanza kutoza kiingilio.

Mikeka ile inalalamikiwa sana kwamba inaharibu picha. Kwangu ilikuwa kitu kizuri cha pili pale juu baada ya kuta.

Kama unataka kwenda, panda treni Himeji kwa njia ya Bantan, ubadilishe Teramae, ambako nyaya za umeme zinaishia na treni ya dizeli inachukua zamu. Nyuma ya stesheni ya Takeda, ukipita yale mahekalu yaliyojipanga mguuni mwa mlima, kuna njia ya miguu ya kama dakika 40, ya mwinuko mkali. Vaa viatu vya kukamata ardhi. Mimi nililipa yeni 500 mlangoni. Majira ya baridi hufungwa. Na usikae ukingoni kupiga selfi: kuta hazina uzio, na jukwaa la mnara lina kimo cha kama mita 10.

Saa tatu ukungu ukaanza kushuka. Kwanza ikaonekana kona, kisha ukuta, kisha ule mkono mrefu wa kusini uitwao Minami-senjo ukanyooka juu ya weupe kama gati. Mwenzangu akatoa mikono kwapani, akapiga picha zake bila kuniuliza tena tumefuata nini.

Tukashuka. Kando ya barabara ya kijijini, kabla ya stesheni, kulikuwa na ukuta wa zege wa kawaida, wa kuzuia udongo, wenye vitundu vya plastiki vimepangwa safu mbili. Kimoja kilikuwa kimeota majani na kuziba. Nikachomeka kalamu yangu, nikazungusha, tope likatoka, halafu maji kidogo. Nikahamia cha pili.

"Kaka, treni," akaniita. Nikamwambia bado kuna viwili.