Umesahau, au hukushika tangu mwanzo?

Wengi wanaofika kitengo chetu cha saikolojia hawasemi wana huzuni. Wanasema wamekuwa wasahaulifu. Mama anaingia chumbani, anasimama, hakumbuki alichofuata, na sasa anaogopa kichwa kinaharibika.

Mimi humuuliza anaingizaje umeme. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20. Unasoma nne kwenye simu, unazirudia mdomoni hadi kwenye mita, unabonyeza, unarudia nne nyingine. Mtoto akiita katikati, "Mama, chumvi iko wapi?", zile nne zimeshapotea. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya muda mfupi: kiganja kinachoshika kidogo na kumwaga upesi. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller alikadiria kinabeba vitu saba hivi. Watafiti waliomfuata wameshusha hadi karibu vinne.

Ghala lenyewe, yaani kumbukumbu ya muda mrefu, tulilifahamu kwa gharama ya mtu mmoja. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani mwenye kifafa kikali, alipasuliwa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya, pande zote mbili. Kifafa kilipungua, ila tangu hapo hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza miaka mingi, alibaki mgeni kwake kila walipokutana. Lakini Molaison alipopewa zoezi la kuchora nyota huku akiuangalia mkono wake kwenye kioo, alizidi kuwa hodari siku hadi siku, bila kukumbuka kwamba amewahi kulifanya. Mkono ulijifunza, mwenyewe hana habari!

Yule mama hana shida ya Molaison. Ghala lipo, mlango ndio umezibwa. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, au wasiwasi mkali hukamata umakini wote: ada, deni la kikoba, mgonjwa nyumbani. Usingizi nao, ambao ubongo huutumia kupanga mambo ya mchana, umekatika. Kisichoingia hakikumbukwi.

Ndiyo maana tunauliza mambo yanayoonekana kuwa mbali na alichokuja nacho. Unalala vipi? Vitu ulivyovipenda bado vinakuvutia? Hali hii imefika wiki mbili? Mara nyingi sonona ikitibiwa, kumbukumbu nayo huimarika.

Mzee anayepotea njia ya nyumbani aliyoipita miaka yote ni habari nyingine. Huyo apelekwe hospitali, asiambiwe "ni uzee tu".